Mwanza baada ya king'ora: siku nane na kamera

Nimerudi Morogoro wiki tatu sasa. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu la safari na picha elfu moja na ushee ambazo bado nazichambua usiku, watoto wakishalala.

Kwanza niseme kwa nini Mwanza. Nimekulia jirani na viwanda vya Morogoro. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo, na nyumbani saa tuliijua kwa king'ora: cha kwanza tunaamka, cha pili baba ameshafika getini. Kiwanda kikaja kufungwa, mabanda yakapewa kazi nyingine, baba naye akaenda zake. Nilipotafuta picha yake akiwa kazini sikupata hata moja. Ndugu wote tukapekua masanduku, hola. Mwanza nayo ilisimama kwa pamba kama sisi tulivyosimama kwa nguo, na kila anayetoka huko ananiambia kunajengwa usiku na mchana. Nikaona huko nisichelewe.

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Morogoro hadi Dodoma

Treni ya SGR ya mchana, chini ya saa mbili, hakuna cha kusimulia zaidi ya kwamba chaji ya kamera ilijaa nikiwa kitini. Nililala Dodoma karibu na stendi kwa shilingi 20,000.

Jumanne, 5 Agosti. Dodoma hadi Mwanza

Basi saa kumi na mbili asubuhi, nauli 45,000. Singida tulifika mapema, nikadhani jua litazama nikiwa ziwani. Tulipokaribia Shelui tairi la nyuma likapasuka, na spea nayo ikakutwa haina upepo. Saa mbili na nusu barabarani. Mzee mmoja wa Shinyanga aliyekuwa siti ya mbele yangu akafungua mfuko wake wa rambo, akagawa michembe kwa kila aliyekuwa kivulini, hata utingo. Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vigumu kama kuni mwanzoni, ukivumilia utamu unakuja. Nilimpa maji, akanipa somo. Akanionyesha malori yanayopita: "Lile limebeba pamba mbegu, linakwenda kuchambuliwa. Lile lenye marobota ni pamba nyuzi, hiyo inakwenda Dar, inapanda meli." Nikamuuliza kwa nini haiishii Mwanza kufumwa. Akatafuna kwanza. "Siku hizi mwanangu tunavaa nguo za wenzetu zilizotokana na pamba yetu."

Toka Nzega hadi Shinyanga nilihesabu malori kumi na moja ya pamba, kisha giza likaingia. Stendi ya Nyegezi tulifika saa tatu na robo usiku. Ni stendi mpya, kubwa, taa kila kona, ghorofa na maduka. Bajaji hadi lodge ya maeneo ya Mkuyuni 4,000, chumba 25,000 na maji ya moto yapo.

Kwa anayefuata njia hii: basi likikuahidi kufika saa kumi na mbili jioni, mwambie mwenye lodge saa tatu. Kamera kaa nayo miguuni. Vumbi la Agosti linaingia hadi kwenye buti la basi, na mwenzangu mmoja alikuta lensi yake imegeuka rangi ya udongo.

Jumatano, 6 Agosti. Mjini kati

Daladala kutoka Mkuyuni 600. Mawe ya Mwanza nilishayaona kwenye picha nyingi, lakini picha haikwambii kwamba watu wanaishi nayo: jiwe ukubwa wa basi, pembeni jiko, juu yake shuka zimeanikwa.

Nilianzia mnara wa saa. Pana kibao kinachosema Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyaona maji makuu ya ziwa tarehe 3 Agosti 1858 kutoka kilima cha Isamilo. Nimekisoma nikiwa nimesimama na mama muuza karanga ambaye ukoo wake, kwa maelezo yake, umevua kwenye maji hayohayo tangu kabla ya huyo mgeni. Nilimpiga picha yeye, kibao kikabaki nyuma yake kikiwa ukungu. Nilitaka hivyo.

Mji huu Wajerumani waliuanzisha mwaka 1892, wakiutegemea kwa biashara ya pamba. Reli kutoka Tabora ikafika 1928. Ukisimama stesheni ukaangalia ilivyo karibu na maji unaelewa mji mzima: pamba inashuka kutoka mashambani, inachambuliwa, inapanda behewa, na mizigo ya ng'ambo ya ziwa inapokelewa hapohapo. Mwaka 1955 wakulima wakaunganisha vyama vyao kuwa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, ili mkulima naye awe na sauti kwenye mizani na kwenye vinu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikaja kiwanda cha nguo, Mwatex. Hata timu ya mpira iliitwa Pamba, kwa jina la utani TP Lindanda, ikabeba ubingwa wa nchi 1990. Imepotea miaka mingi kwenye ligi kuu na imerudi msimu wa 2024. Muuza magazeti aliyenieleza hili alikuwa amevaa jezi yake, akakataa pichani asimame wima: alitaka ajipinde kama anapiga kona.

Mchana nikaingia Makoroboi. Jina lilitokana na mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi, zile taa za utambi za makopo. Leo ni nguo, viatu, simu, vyombo, watu hadi unapita kwa bega. Nilizunguka nikiuliza koroboi kama kichaa. Kijana mmoja muuza chaja akaacha meza yake kwa jirani, akanipeleka uchochoro wa tatu kwa fundi anayekunja bati: majiko, vikaangio, makarai ya kukandia zege. Fundi huyo alisema alijifunza kwa mjomba wake, na kazi ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa koroboi. Nikamwomba atengeneze moja. Akachukua kopo la maziwa, mkasi, nyundo na msumari. Dakika kumi na mbili, picha arobaini na tatu. Hakutaka zaidi ya 2,000, nikampa 5,000. Koroboi hiyo iko mbele yangu ninapoandika.

Yule kijana wa chaja hakutaka hata soda. "Dada, wewe umekuja kutafuta kitu chetu."

Jioni jiwe la Bismarck, pale karibu na kivuko cha Kamanga. Picha unayoijua. Nimepiga, nzuri, basi.

Alhamisi, 7 Agosti. Nyakato na Mecco

Siku hii ndiyo iliyogeuza safari.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya mtendaji na barua yangu ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa nyumbani. Nilisubiri saa moja unusu, nikagongewa muhuri bila kulipa chochote. Fanya hivi siku ya kwanza, usifanye kama mimi siku ya pili. Kesho yake ilikuwa Nane Nane na ofisi zote zimefungwa. Ningechelewa saa chache tu ningekaa hadi Jumatatu.

Mpango wangu ulikuwa kuta: mabanda ya zamani, mageti yenye kutu, maandishi yaliyofutika. Nilipiga vya kutosha barabara ya Musoma. Banda la kuchambulia pamba sasa ni ghala la saruji. Jingine limegawanywa fremu kumi na mbili za maduka, ukitazama juu unaona paa la meno ya msumeno lililowekwa ili mwanga uingie kwa wafanyakazi, na sasa linawaangazia wauza vigae. Nyumba mpya zinapanda nyuma ya ukuta kabla ukuta haujabomolewa. Na majina yanabaki. Konda anaita "Mecco! Mecco!" na abiria kijana anashuka pasipo kujua kwamba ilikuwa kampuni ya umma ya ujenzi.

Kiu ikanipeleka kwenye genge la mama mmoja wa makamo ya juu, sitamtaja jina kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana. Nikaamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kamera hiyo inatafuta nini kwenye mapagale. Nikamweleza habari za baba. Akaacha kumenya vitunguu.

"Baba yako alikuwa fundi? Mimi nilikuwa kufuma. Miaka kumi na minne."

Akaniingiza ndani. Mlango wa chumba ulikuwa umezuiliwa na kipande cha mbao, kirefu kama kiganja, kilichochongwa vizuri, cheusi kwa kushikwa. Nikakiokota. Kilikuwa bobini, kile kijiti cha kuzungushia uzi kiwandani. Aliondoka nacho siku ya mwisho kwenye mfuko wa gauni, na tangu hapo kinazuia mlango. Akanieleza idara moja moja kama mtu anayetembeza mgeni ndani ya jengo: kule marobota yanafunguliwa na vumbi la pamba linakaa kwenye nyusi, pale pamba inachanwa, huku inasokotwa, kisha kwao, kufuma, ambako kelele ilikuwa kubwa hadi wakasemeshana kwa midomo na vidole. "Mume wangu alidhani namgombeza. Nilikuwa nimezoea kupaza sauti."

Nikamuuliza ugumu ulikuwa wapi. Uzi kukatika. Uzi ukikatika mashine inasimama, na msimamizi anahesabu dakika. Akavuta nyuzi mbili kutoka kwenye gunia la vitunguu, akafunga fundo, sikuona. Akarudia, sikuona. Vidole viwili vya kushoto na kidole gumba cha kulia, basi, fundo dogo kama punje ya mtama ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Umri wake unafika sabini na vidole havijasahau. Nikaomba ruhusa ya kupiga mikono. Alikataa kwanza, ina ukoko wa vitunguu. Akaenda akanawa, akajipaka mafuta, akavaa kitenge, akakaa dirishani mwenyewe palipokuwa na mwanga, nami sikumwelekeza lolote.

Nilipiga kwa saa nzima. Nilipoangalia picha zangu za asubuhi, za kuta, ziliniuma. Kuta zote zilikuwa tupu.

Alinilisha ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga. Nilipotoa pesa akaisukuma mbali. Nikamshukuru kwa neno la Kisukuma nililofundishwa ndani ya basi, wabeja, akacheka matamshi yangu, akanisahihisha hadi nikapatia.

Ijumaa, 8 Agosti. Kirumba

Mwaloni wa Kirumba ni soko la dagaa linalolisha hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Nilitarajia milima ya magunia, nikakuta mzigo kiasi na mitumbwi mingi imepumzika. Mbeba mizigo mmoja akanionyesha angani: mwezi unajaa kesho. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki, basi wavuvi wanashona nyavu. Zamani taa ilikuwa karabai ya mafuta, sasa nyingi ni za sola. Nilizipanga taa tatu kwenye jiwe, nikatoa na koroboi yangu kwenye begi, nikapiga. Wavuvi wakakusanyika kunisaidia kuzipanga, kila mtu na mawazo yake.

Anayetaka dagaa wakimiminika aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Anayetaka kuongea na wavuvi aje siku niliyokuja mimi. Sato wa kukaanga na ugali pale 7,000, na anatosha wawili.

Jumamosi, 9 Agosti. Igogo na Mwanza South

Pamba ilipolegea, sangara alishika usukani. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wadogo wa asili, akanenepa, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mitaani yakabaki mapanki, yaani mifupa na vichwa vya kukaanga. Nilikula mapanki Igogo kwa 1,500, na nyama iliyosalia kwenye shingo ni tamu kuliko minofu, nasema bila kuona haya. Siku hizi samaki wamepungua, viwanda vingine vimefunga, na bei ya mabondo, yale matumbo ya hewa ya sangara, imekuwa ndiyo inayozungumzwa vijiweni.

Nje ya kiwanda kimoja nilinyanyua kamera, mlinzi akatoka mbio. Nikampa barua yenye muhuri, akaisoma yote, akasema inahusu mtaa, haihusu ukuta huu. Akaomba nifute. Nilifuta picha tatu akiangalia. Nilikuwa tayari kuondoka nimenuna, akavuta kiti. Kumbe alianza kazi hapo kwenye meza ya minofu mwaka 2001, zamu ya usiku, buti hadi magotini, barafu hadi kwenye mifupa. Meza zilipopunguzwa akapewa rungu na lindo. Picha yake hakuitaka. Ila akaninyooshea kidole mlimani: "Panda pale kwenye mawe, mwambie mwenye nyumba ya bati la bluu umetumwa na mlinzi. Kila kitu utakiona, na huko hakuna wa kukukataza."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nyumba, dada mwenye mtoto mgongoni, alinipitisha uani kwake hadi juu ya jiwe. Chini yangu mapaa ya viwanda, reli, bandari ya kusini, na meli ya MV Mwanza, nyeupe, iliyojengwa papo hapo na kushushwa majini Februari 2023, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400. Upande wa pili nguzo na tuta la reli mpya ya Isaka, kilomita 341 zikikamilika. Na katikati ya hayo yote nyumba kama yake, mawe na mabati, ambayo haijui itabaki au itapisha. Aliniuliza mimi, kwa sababu nina kamera na barua. Sikuwa na jibu. Nilimpiga picha na mtoto wake, mji ukiwa nyuma, nikaandika namba ya kumtumia.

Usielekeze lensi bandarini wala relini ukiwa chini, hata kama nia yako safi. Na popote utakapozuiwa, kaa uongee kwanza.

Jumapili, 10 Agosti. Kigongo

Hiace hadi Usagara, nyingine hadi Kigongo, jumla 3,500. Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa 19 Juni 2025: kilomita 3 juu ya maji, kutoka Kigongo hadi Busisi, palipokuwa na kivuko. Mtu wa Sengerema niliyekaa naye aliniambia aliwahi kulala Kigongo na mgonjwa akisubiri kivuko cha alfajiri. Sasa alivuka akiongea na simu, hakuinua hata kichwa. Ukisikia hivyo huwezi kulilaani daraja.

Lakini nilishuka upande wa kivuko. Mabanda ya mama lishe, meza za samaki wa kukaanga, benchi za abiria, mengi matupu. Dada mmoja alikuwa bado amewasha jiko. Zamani, alisema, foleni ya magari ndiyo ilikuwa sokoni kwake: mtu anasubiri, ananunua. Sasa gari halisimami. Wenzake wamehamia njia panda, yeye amepanga kumaliza mwezi kisha aangalie. Nilikula samaki wake wawili, nikapiga meza, jiko, mkono wake ukipepea moto, na daraja lote limenyooka nyuma kama mstari uliochorwa kwa rula. Katika picha zote za safari hii, ndiyo niliyoikuza kubwa zaidi.

Kusimama juu ya daraja hakuruhusiwi. Piga kutoka ufukweni, asubuhi, jua likiwa nyuma yako.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi, usingizi, Dodoma usiku, treni ya asubuhi, nyumbani. Safari nzima imenigharimu 412,000 pamoja na zawadi ya dagaa.

Picha za mikono nilizisafisha studio kwa 3,000 kila moja, nikazituma kwa basi kwenye bahasha ngumu, 10,000, pamoja na ya dada wa Igogo. Jumanne iliyopita mama wa Mecco akapiga simu. Zimefika, hazikukunjwa. Amezionyesha kwa wenzake wanne waliokuwa zamu moja, wote wako hai, wote Nyakato. Mmoja alikuwa kusokota na anasema fundo la mama huyo si lile walilofundishwa, anataka apigwe picha yeye akifunga la sawasawa. Mwingine bado ana kadi yake ya kazi na mkasi wa nyuzi.

"Njoo kabla miguu yetu haijagoma," akaniambia, "na mwanangu, safari hii uje na kitambaa cheupe, tukae nyuma yake vizuri."

Kitambaa nimenunua, mita tatu. Nauli ya Desemba nimeshaulizia.